Nani Aliyewahesabu? Waendesha Mashtaka wa Umma na Kurudi Nyumbani kwa Wagonjwa wa Akili wa Brazili

Utangulizi

Msomaji wa Injili ya Marko, sura ya 5, hukumbuka upesi wale nguruwe waliotelemka ziwani, bali aghalabu husahau mambo mawili yaliyomo katika habari iyo hiyo. La kwanza ni kwamba Bwana aliuliza jina. Watu wa mji ule walikuwa wamekwisha kutumia pingu na minyororo, lakini hatusomi kwamba kuna aliyemwuliza mtu yule wa makaburini habari yake. La pili ni kwamba alipopata akili zake na kuomba kufuatana na Bwana, hakuruhusiwa, bali alitumwa aende nyumbani kwa watu wake. Uponyaji haukuishia makaburini wala chomboni. Ulikamilika mtu alipofika kwao.

Katika makala hii tunakusudia kuyachukua mambo hayo mawili, yaani kuuliza jina na kurudisha nyumbani, tuyafanye mizani ya kupimia sura moja ya historia ya karibu: jinsi nchi ya Brazili ilivyowafungia wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka mia, jinsi ilivyoanza kuwatoa, na kazi aliyopewa mwendesha mashtaka wa umma katika kuusimamia utoaji huo. Yamkini msomaji atauliza: mambo ya waendesha mashtaka yana nini na jarida la theolojia? Jibu letu ni kwamba kuta zile zilianza kujengwa kwa jina la rehema, na sehemu kubwa ya rehema hiyo ilikuwa ya Kanisa. Hatuna budi kujifunza kwa nini rehema ilihitaji, na bado yahitaji, mtu wa nje mwenye mamlaka ya kuingia na kuhesabu.

Nyumba iliyojengwa kwa rehema

Katika mji wa Rio de Janeiro, mwanzoni mwa karne ya 19, mwendawazimu maskini alikuwa na mahali patatu pa kuishi: barabarani, gerezani, au katika vyumba vibaya vya hospitali ya Santa Casa da Misericórdia, yaani hospitali ya chama cha Kikatoliki cha huruma. Madaktari wa mji waliona aibu juu ya jambo hilo wakadai nyumba maalumu. Tarehe 18 Julai 1841, siku aliyotawazwa mfalme kijana Pedro wa Pili, ilitolewa amri ya kujenga hifadhi ya wendawazimu itakayobeba jina lake. Milango yake ilifunguliwa mwaka 1852. Usimamizi ulikuwa wa Santa Casa, na Masista wa Upendo wa Mtakatifu Visenti wa Paulo ndio waliohudumu ndani.

Hatusemi kwamba waliofanya kazi hiyo walikuwa na nia mbaya. La hasha. Walitaka kuwaondoa watu katika baridi na katika pingu. Lakini tangu mwanzo nyumba ile ilikuwa na kasoro ambayo nia njema haikuweza kuiziba: aliyepokea mgonjwa, aliyemtunza, aliyeamua kama amepona, na aliyetoa habari zake kwa watu wa nje, wote walikuwa wa nyumba ile ile. Ufalme ulipoanguka mwaka 1889, serikali mpya ya jamhuri iliichukua hifadhi hiyo kutoka mikononi mwa Santa Casa mwaka 1890. Bwana wa nyumba alibadilika, kasoro ilibaki.

Mwaka 1903: sheria na ukuta

Tarehe 22 Desemba 1903 Brazili ilipata sheria yake ya kwanza ya nchi nzima juu ya wagonjwa wa akili, Amri Na. 1132. Ndani yake mna kifungu ambacho mwanahistoria hawezi kukipita. Sheria iliagiza kwamba hifadhi zote za wendawazimu, za serikali na za watu binafsi, zikaguliwe na tume, na ndani ya kila tume awemo mwendesha mashtaka wa jamhuri, pamoja na afisa wa kutetea masilahi ya yatima na mtaalamu mmoja. Kwa hiyo, tangu mwanzo wa karne ya 20, sheria ilikuwa imekwisha kutambua kwamba mtu aliyefungiwa kwa ajili ya ugonjwa ana haki ya kutazamwa na jicho lisilo la mlinzi wake.

Mwaka ule ule wa 1903, katika mji wa Barbacena, jimbo la Minas Gerais, ilifunguliwa hospitali iliyokuja kuitwa Colônia. Ilikusudiwa kwa watu 200. Ilipofika mwaka 1960 ilikuwa na watu wapatao 5,000. Waliletwa kwa treni kutoka pande zote, na wengi wao hawakuwa na ugonjwa wa akili hata kidogo. Walikuwamo wenye kifafa, walevi, wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, wake waliochokwa na waume zao, na watu waliokosa tu wa kuwadai. Walilala juu ya majani makavu badala ya vitanda. Wakafa kwa baridi, kwa njaa na kwa kuhara. Mwandishi wa habari Daniela Arbex, katika kitabu chake Holocausto Brasileiro cha mwaka 2013, ameikadiria idadi ya waliokufa humo katika karne ya 20 kuwa 60,000. Ameonyesha pia kwamba kati ya mwaka 1969 na 1980 maiti 1,853 ziliuzwa kwa vyuo vya udaktari.

Na tusimame hapa kidogo. Sheria ya ukaguzi na ukuta wa Barbacena vilizaliwa mwaka mmoja. Kwa nini basi sheria haikuuzuia ukuta? Sababu moja ni kwamba mwendesha mashtaka wa siku zile alikuwa mtumishi wa serikali, akiitetea serikali mahakamani na kuitegemea kwa cheo chake. Mkaguzi na mkaguliwa walikuwa na bwana mmoja. Sababu ya pili ni kwamba jamii nzima ilikuwa imeridhika. Mwaka 1961 mpiga picha Luiz Alfredo aliingia Colônia, na picha zake zikachapwa katika gazeti la O Cruzeiro. Watu wakaona, wakashtuka, wakasahau. Amri nyingine ya tarehe 3 Julai 1934 ilikuwa imechukua nafasi ya ile ya 1903, nayo ikadumu kwa miongo mingi.

Ofisi moja, kazi mbili

Mwamko ulikuja miaka ya 1970 ikielekea mwisho. Mwaka 1978 wafanyakazi wa hospitali za wagonjwa wa akili mjini Rio de Janeiro walitangaza hadharani mambo waliyoyaona kazini, nao wakafukuzwa. Mwaka 1979 daktari Mwitalia Franco Basaglia alipelekwa Barbacena. Alipotoka aliilinganisha hospitali ile na kambi za mauti za Wanazi. Mwaka huo huo Helvécio Ratton alitengeneza filamu yake juu ya Colônia, na magazeti ya Minas Gerais yakaanza kuandika.

Inafaa kukumbuka Basaglia alitoka katika nchi gani. Kwa sheria ya Italia ya mwaka 1904, mgonjwa aliingizwa hifadhini kwa idhini ya muda, kisha mwendesha mashtaka wa umma ndiye aliyeiomba mahakama imweke humo moja kwa moja. Yaani katika Italia ya zamani mwendesha mashtaka alikuwa mshika komeo. Sheria Na. 180 ya tarehe 13 Mei 1978, iliyotokana na kazi ya Basaglia na wenzake, iliuondoa utaratibu huo na kuanza kuzifunga hifadhi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linatuonyesha kwamba cheo chenyewe hakina wema wala ubaya. Ofisi ile ile yaweza kufunga mlango au kuufungua, kwa kadiri ya kazi iliyopewa.

Nchini Brazili kazi hiyo ilibadilishwa kwa hatua mbili. Kwanza, sheria ya tarehe 24 Julai 1985 iliwapa waendesha mashtaka uwezo wa kufungua mashauri ya madai kwa niaba ya umma, si mashtaka ya jinai tu. Pili, Katiba ya tarehe 5 Oktoba 1988, iliyotungwa baada ya miaka 21 ya utawala wa kijeshi, iliifanya ofisi hiyo, ambayo kwa Kireno huitwa Ministério Público, kuwa chombo huru. Haikuwa tena wakili wa serikali, bali mtetezi wa sheria, wa demokrasia na wa haki za watu ambazo hawawezi kunyang'anywa. Tangu hapo mwendesha mashtaka aliweza kuishtaki serikali yenyewe. Sababu ile ya kwanza iliyoufanya ukaguzi wa 1903 kuwa maandishi matupu ilikuwa imeondolewa.

Saa 72

Wakati huo huo watu wa chini walikuwa wakisukuma. Mwaka 1987, katika mji wa Bauru, wafanyakazi wa afya ya akili walikutana wakadai jamii isiyo na hifadhi za kufungia watu. Na kwa kumbukumbu hiyo tarehe 18 Mei huadhimishwa kila mwaka. Tarehe 3 Mei 1989 serikali ya mji wa Santos iliingia katika hospitali ya binafsi ya Anchieta, ikautwaa uongozi wake, na badala yake ikafungua vituo vya mitaani vilivyokuwa wazi usiku na mchana. Mwaka huo huo mbunge Paulo Delgado, mtu wa Minas Gerais, jimbo la Barbacena, alipeleka bungeni muswada wa kuzimaliza hifadhi hizo hatua kwa hatua. Ulijadiliwa kwa miaka 12. Ulipopitishwa ukawa Sheria Na. 10.216 ya tarehe 6 Aprili 2001.

Sheria hiyo haikufunga hospitali zote siku moja. Ilisema kwamba mgonjwa alazwe pale tu ambapo huduma za nje ya hospitali hazitoshi, na ikagawanya kulazwa katika aina tatu: kwa ridhaa ya mgonjwa, bila ridhaa yake kwa ombi la mtu mwingine, na kwa amri ya hakimu. Kisha ikaweka sharti ambalo ndilo kiini cha makala yetu. Mtu akilazwa bila ridhaa yake, mkuu wa kituo hana budi kumjulisha mwendesha mashtaka wa jimbo katika muda wa saa 72. Atakapotoka, taarifa nyingine ipelekwe kwake vivyo hivyo. Na mgonjwa akitoroka, akihamishwa, akiumia vibaya au akifa, ndugu zake na mamlaka ya afya wajulishwe kabla ya saa 24 kupita. Kanuni ya Wizara ya Afya ya tarehe 26 Desemba 2002 iliongeza tume ya kuwapitia wagonjwa wa namna hiyo, na mwakilishi wa mwendesha mashtaka awemo.

Mtu anaweza kuliona sharti hili kuwa dogo. Ni karatasi tu. Lakini tumkumbuke mgonjwa wa Barbacena, ambaye aliweza kuingia, kuishi miaka 40 na kufa bila jina lake kutoka nje ya lango. Kwa sheria ya 2001, kila anayeingia kwa nguvu anaacha jina lake mikononi mwa mtu wa nje, kabla siku ya nne haijapambazuka. Na kwa kuwa taarifa ni ya kuingia na ya kutoka pia, sheria inamtaka mtu huyo wa nje aulize hata akitoka: amekwenda wapi?

Sheria hiyo, katika kifungu cha 5, iliwakumbuka pia wale waliokwisha kuzeeka ndani, wasiojua tena kuishi nje. Hao wasifukuzwe, bali waandaliwe njia. Kanuni ya mwaka 2000 ilikuwa imekwisha kuanzisha nyumba za kawaida mitaani, wakazi wasiozidi 8 kwa kila nyumba. Tarehe 31 Julai 2003 ikatungwa Sheria Na. 10.708, iliyompa kila aliyelazwa miaka miwili au zaidi posho ya kila mwezi, mwanzoni reali 240, akitoka. Mpango huo uliitwa De Volta para Casa, maana yake Kurudi Nyumbani. Msomaji wa Marko 5 hahitaji kuelezwa zaidi.

Kijana wa Sobral

Tusije tukadhani kwamba mwendesha mashtaka alikuwa mwokozi. Historia ya Damião Ximenes Lopes yatuonya. Kijana huyu wa miaka 30, wa jimbo la Ceará, alilazwa tarehe 1 Oktoba 1999 katika nyumba ya Guararapes mjini Sobral, hospitali ya binafsi iliyopokea wagonjwa kwa malipo ya mfumo wa afya wa serikali. Siku tatu baadaye, tarehe 4, mama yake alikwenda kumtazama. Alimkuta mikono imefungwa nyuma, anatoka damu, ana majeraha. Aliomba msaada. Siku ile ile mwanawe alikufa.

Dada yake, Irene, hakukubali jambo liishie hapo. Mwezi Novemba mwaka 1999 alipeleka malalamiko katika Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Mwendesha mashtaka wa jimbo alifungua mashtaka ya jinai mwezi Machi mwaka 2000, na mwaka huo huo hospitali ile ilipoteza kibali chake. Baadaye mji wa Sobral ukajenga mtandao wa huduma za mitaani. Lakini kesi ya jinai ilikokotwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilipotoa hukumu yake tarehe 4 Julai 2006, zaidi ya miaka sita ilikuwa imepita na hakuna uamuzi hata wa mahakama ya kwanza. Kwa hiyo Brazili ilipatikana na hatia si kwa kifo tu, bali pia kwa kumnyima mama na dada haki ya kusikilizwa kwa wakati. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo dhidi ya Brazili.

Hapa tunaona kwamba ofisi huru nayo yaweza kulala. Aliyemwamsha mlinzi alikuwa dada wa marehemu. Mwendesha mashtaka anafaa kadiri ya watu wanaomgongea mlango.

Sorocaba: mkataba wa kuwarudisha 2,700

Mfano wa ofisi hiyo ikifanya kazi yake ni wa Sorocaba, jimbo la São Paulo. Katika Sorocaba na miji miwili ya jirani, Salto de Pirapora na Piedade, zilikuwako hospitali saba za wagonjwa wa akili, zenye watu wapatao 2,700. Ndipo palipokuwa na wagonjwa wengi waliofungiwa kuliko mahali pengine pote nchini. Wanaharakati na watafiti wa huko walihesabu vifo vya humo ndani, wakatangaza hesabu yao. Wakaguzi wakaingia.

Badala ya kungoja mashauri yaende miaka mingi mahakamani, waendesha mashtaka wa shirikisho na wa jimbo walitumia njia ambayo sheria ya mwaka 1990 iliwapa: mapatano ya kurekebisha mwenendo, yaani mkataba ambao mkosaji anajifunga kwa maandishi kutengeneza alichokiharibu, na asipotimiza mahakama inaweza kumlazimisha mara moja. Tarehe 18 Desemba 2012 mkataba huo ulitiwa sahihi na serikali ya shirikisho, serikali ya jimbo na miji ile mitatu. Muda uliowekwa ulikuwa miaka mitatu.

Kazi ilichukua muda mrefu zaidi, na sababu zake zinafundisha. Kabla ya kumhamisha mtu ilibidi kujua yeye ni nani. Wengine hawakuwa na hati yoyote. Wengine ndugu zao walikuwa wamekufa. Wengine ndugu walikuwapo lakini hawakuwataka. Bila hati hakuna posho, na bila nyumba ya kumpokea kumtoa mtu ni kumtupa barabarani. Hivyo mwendesha mashtaka alijikuta akisimamia mambo ambayo hakuyasoma chuoni: vyeti vya kuzaliwa, kodi za nyumba, idadi ya wauguzi, ufunguzi wa vituo vya mitaani. Hospitali ya Vera Cruz ilifungwa mwaka 2018.

Tunaliona hili kuwa tunda kubwa la sura hii ya historia. Kufungua lango ni kazi ya siku moja. Kufuatilia kila aliyetoka mpaka afike mahali penye kitanda, dawa na jirani ni kazi ya miaka. Nchi nzima ilipunguza vitanda vya hospitali za wagonjwa wa akili vilivyolipiwa na serikali kutoka zaidi ya 51,000 mwaka 2002 hadi takriban 26,000 mwaka 2014. Tarakimu hizo peke yake hazituambii kama wale waliotoka walifika nyumbani. Sharti pawe na mtu wa kuuliza.

Wapo waendesha mashtaka waliokwenda mbele zaidi. Katika jimbo la Goiás, tangu mwaka 2006, kwa juhudi ya mwendesha mashtaka Haroldo Caetano da Silva, wagonjwa wa akili waliotenda makosa hawakupelekwa tena gerezani wala katika hospitali za kifungo, bali walitunzwa na mtandao wa kawaida wa afya chini ya mpango ulioitwa PAILI. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Mahakama lilitoa Azimio Na. 487, likiagiza hospitali za kifungo zifungwe nchini kote. Kwa upande mwingine, wapo waendesha mashtaka ambao taarifa za saa 72 huishia katika majalada yao bila kusomwa, na wapo ambao wao wenyewe huiomba mahakama imlaze mtu kwa nguvu. Na mwaka 2017 sera ya serikali iligeuka, hospitali za wagonjwa wa akili zikatajwa tena kuwa sehemu ya mtandao wa huduma. Ulinzi wa namna hii haumalizwi na kizazi kimoja.

Neno kwa Kanisa

Sasa na tuje nyumbani kwetu, yaani ndani ya Kanisa. Mwezi Oktoba mwaka 2017 ofisi ya mwendesha mashtaka wa shirikisho inayotetea haki za raia, pamoja na baraza la wanasaikolojia na chombo cha taifa cha kuzuia mateso, ilikagua makao 28 katika majimbo 11 na katika wilaya ya mji mkuu. Hizi hazikuwa hospitali. Zilikuwa zile zinazoitwa jumuiya za tiba, ambazo huwapokea hasa watumiaji wa ulevi na dawa za kulevya, na nyingi huongozwa na makanisa na vikundi vya dini. Taarifa iliyotolewa mwaka 2018 ilieleza watu waliozuiwa kutoka, barua zilizosomwa, hati zilizoshikwa, kazi bila ujira iliyoitwa tiba, na ibada za lazima. Ukuta uliojengwa na rehema mwaka 1841 ulikuwa umejengwa upya, na mafundi walikuwa watu wa Biblia.

Hatulisemi hili kwa kuwanyoshea wengine kidole. Sisi wenyewe, katika miaka ya kwanza ya uchungaji wetu, tuliitwa mahali fulani pa maombi kumwombea mama mmoja aliyefungwa mguu kwenye kitanda kwa kipande cha kamba. Tuliomba. Tulimwekea mikono. Tukanywa chai na wenyeji, tukaondoka. Hatukuuliza jina la baba yake, wala amekaa pale tangu lini, wala atarudi kwao siku gani. Tulidhani kwamba kwa kuwa mahali palikuwa pa maombi, hapakuhitaji maswali. Kwa mizani ya Marko 5 tulipungua katika mambo yote mawili.

Katika Katekisimo Kubwa, akifafanua amri ya tano, Luther anafundisha kwamba amri hiyo haivunjwi na mtenda ovu peke yake. Huivunja pia yule aliyeweza kumkinga jirani na madhara asimkinge. Na katika mafundisho yake juu ya tawala mbili, dola nayo ni mkono wa Mungu, wa kuzuia uovu na kuwalinda wanyonge. Kama ndivyo, basi mkaguzi wa serikali anayebisha hodi katika kituo cha Kanisa si adui wa injili. Huenda ametumwa na Bwana yule yule, kwa mlango mwingine. Nasi tunaposema kwamba kazi yetu ni ya huruma na kwa hiyo tuachwe, tunasema neno lile lile ambalo nyumba ya mwaka 1852 ingeweza kulisema.

Kanisa letu lina urithi katika jambo hili. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili. Nyumba ya watu waliowekwa huru ikawa nyumba ya wagonjwa. Ni urithi unaotudai. Nchi zetu nazo zina sheria: Tanzania ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008, na Kenya iliirekebisha ya kwake mwaka 2022. Lakini Brazili imetufundisha kwamba sheria ya mwaka 1903 na Barbacena ziliweza kuishi pamoja pasipo kugombana, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuhesabu.

Hitimisho

Tumeona mambo matatu. Kwanza, rehema isiyokaguliwa iligeuka kifungo, ingawa walioianza walikuwa na nia njema. Pili, mkaguzi asiye huru hakumsaidia mfungwa; na mkaguzi huru naye alihitaji dada, mama na majirani wa kumgongea. Tatu, kumtoa mtu hakukuwa kumrudisha. Kurudi kulihitaji jina, hati, nyumba, na mtu wa kufuatilia.

Wanafunzi wetu watakaotoka hapa kwenda sharikani watakutana na watu waliofungiwa: katika hospitali, katika nyumba za maombi, na mara nyingi katika chumba cha nyuma cha mzee wa Kanisa. Mchungaji hana mamlaka ya mwendesha mashtaka. Lakini anaweza kuwa na daftari. Aandike ndani yake jina la kila mgonjwa wa akili aliye katika usharika wake, siku aliyoingia alipo, na nani amemtembelea. Alisome daftari hilo katika kikao cha wazee kila robo mwaka. Na akimkuta aliyefungwa kamba, asiridhike na kuomba, bali aende kwa afisa wa ustawi wa jamii na kwa mganga wa wilaya, na kesho yake arudi tena kuuliza. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeanza, kwa uchache, kuuliza jina.